Tembe, Ganda la Zege na Kasumba ya Bati

Mwaka mmoja niliwapa wanafunzi wangu wa kidato cha pili insha ya kuandika, "Nyumbani Kwetu". Shule yenyewe imo katika mojawapo ya wilaya za Mkoa wa Dodoma, na vijiji watokako watoto wale navijua vyote, kwani mimi mwenyewe nilizaliwa katika kimojawapo. Nilisahihisha madaftari arobaini na moja. Katika madaftari hayo hamkuwamo tembe hata moja. Kila mtoto aliishi katika nyumba ya matofali yenye paa la bati linalong'aa, madirisha ya vioo, na maua mbele ya baraza. Hata binti mmoja, ambaye juma lililotangulia nilikwenda kuwapa pole wazazi wake kwa msiba na kuketi juu ya kigoda ndani ya tembe lao, naye aliniandikia habari za bati. Alijua kwamba najua. Akaandika vivyo hivyo.

Sikumpunguzia alama, maana lugha yake ilikuwa safi. Lakini nilijiuliza ni nani aliyemfunza kuwa ukweli wa kwao haustahili wino. Jibu halikuwa mbali. Mwezi mmoja kabla ya hapo mgeni rasmi, ambaye jina na cheo chake havina haja hapa, alisimama mbele ya shule nzima akasema kwamba mtu aishiye chini ya udongo hana tofauti na panya, na kwamba maendeleo ya kijiji huonekana kwa mbali kwa mng'aro wa bati. Watoto wakacheka. Sisi walimu tukapiga makofi, nami nikiwamo. Makala haya ni malipo ya makofi yale.

Tangu ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, tumeandika na kuhutubia mengi juu ya ngoma, mashairi, mavazi na lugha. Ni haki yetu kufanya hivyo. Lakini nyumba tumeiacha nje ya mlango wa utamaduni, kana kwamba ni shauri la fundi na mkopo tu. Mtu hucheza ngoma siku chache kwa mwaka, ilhali nyumbani hulala kila siku. Nyumba ndiyo inayoamua mama apike wapi, mgeni apokewe wapi, mifugo ilale karibu na nani, na mzee afe akiwatazama akina nani. Taifa linalowafundisha watoto wake kuionea haya nyumba ya babu yao, kisha likawavalisha njuga siku ya sikukuu, halijahifadhi utamaduni. Limehifadhi maonyesho.

Basi na tulitazame tembe lenyewe, kwa macho ya mtu anayetaka kujua. Ni nyumba ndefu, ya chini, yenye paa la tambarare. Nguzo za miti husimikwa, boriti zikalazwa juu yake, zikafuatiwa na fito na matawi, kisha ukamwagwa udongo na kushindiliwa. Kuta ni za miti na udongo. Kwa Wagogo, safu za vyumba zilizunguka ua wa mraba, na ng'ombe wakalala katikati. Juu ya paa watu walianika mtama, uwele na maboga. Warangi, Wanyaturu, Wasandawe na Wahehe nao walijenga matembe kwa namna zao. Wairaqw wa nyanda za Mbulu walikwenda mbali zaidi: walichimba nyumba ndani ya mteremko, paa likalingana na ardhi ya juu, na yasimuliwa kwamba wavamizi waliweza kupita karibu wasijue kuwa wako nyumbani kwa watu.

Wenye kucheka husema nyumba hizo ni matokeo ya ufukara na ujinga. La hasha. Dodoma ni nchi ya upepo na ukame, iliyoinuka zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari. Jua la mchana huunguza na usiku wa Juni na Julai hutetemesha. Udongo hupokea joto polepole na kulitoa polepole. Joto la mchana mmoja likijaribu kupenya sentimita 40 za udongo, hufika upande wa pili likiwa limedhoofika kabisa, na wakati huo usiku umekwisha kuingia. Kwa hiyo ndani ya tembe mchana hupungua ukali na usiku hupungua baridi, bila kuni na bila umeme. Hiyo ndiyo kazi ya paa zito, na bibi zetu waliijua pasipo kuona kipimajoto.

Sasa litazame bati. Saa nane mchana, mwezi wa Novemba, huwezi kuligusa kwa kiganja. Darasa langu lina paa hilo. Wanafunzi husinzia kwa joto, mimi nami nasinzia nikiwa nimesimama. Mvua ikinyesha, chaki huwekwa chini, kwa maana hata mwalimu mwenye koo la shaba hasikiki. Somo hungoja wingu lipite. Usiku wa Julai joto lote hupaa, na watoto wa bweni hulala wamejikunyata. Sifa moja kubwa ya bati sitaificha: huteka maji safi ya mvua, na katika nchi kame hilo si jambo dogo. Kwa sababu hiyo sisemi bati lifukuzwe nchini. Liwekwe juu ya baraza, jiko na tangi la maji, mahali ambapo kazi yake ni kukinga na kuteka. Ninalolikataa ni kuligeuza bati kuwa cheti cha utu.

Lakini sitalitetea tembe kwa uongo, maana uongo ndio uliotufikisha hapa. Tembe lina makosa makubwa matatu. Mchwa hula nguzo, na boriti iliyoliwa huanguka pasipo kuaga. Paa la tambarare hushika maji, na mvua nyingi kama zile za El Niño za 1997 na 1998 ni msiba kwa mwenye paa la udongo. Tatu, nyufa za sakafu na kuta hufuga papasi, na papasi huleta homa inayorudi na kurudi, ambayo wazee wa kwetu waliihesabu kuwa ni sehemu ya maisha. Anayemwambia mkulima aendelee kukaa na papasi kwa ajili ya kuhifadhi mila, huku yeye mwenyewe analala mjini juu ya sakafu ya vigae, huyo ni adui wa mkulima sawasawa na yule mgeni rasmi. Mmoja anataka kulifukia tembe, mwingine anataka kuliweka makumbusho. Wote wawili wamekubaliana kwamba lisiendelee kukua.

Hoja yangu ni kwamba tembe lipewe mifupa mipya. Udongo ubaki juu, penye faida yake. Miti iliyo chini yake, yenye kuliwa na mchwa, ibadilishwe kwa ganda jembamba la zege lililopinda.

Kwa nini lipinde? Zege lina tabia ambayo kila fundi anaijua hata kama hajaisoma kitabuni: ukilibana hustahimili, ukilivuta hukatika. Nguvu yake ya kustahimili kuvutwa ni kama sehemu moja kwa kumi ya ile ya kustahimili kubanwa. Ukilaza bamba la zege tambarare juu ya chumba na kulitwisha udongo, upande wake wa chini huvutwa, na hapo hapana budi kutia nondo nyingi, na nondo ni fedha. Bali ukilikunja likawa tao, karibu uzito wote husafiri ndani yake kwa kubanana tu mpaka miguuni. Ganda la yai ni jembamba kuliko kucha, na bado hujui kulipasua kwa kulibana katikati ya viganja viwili.

Mwalimu wa fizikia na afanye jaribio. Achukue mkufu, aushike ncha zake mbili mbele ya ubao, na mwanafunzi achore kwa chaki mstari unaofuata mkufu. Mkufu unaoning'inia hauna kitu ndani yake ila mvuto. Geuza mchoro juu chini, na mvuto wote umekuwa mbano: hilo ndilo umbo la tao. Robert Hooke wa Uingereza aliitangaza siri hii mwaka 1675, tena kwa herufi alizozivuruga makusudi ili mtu asimwibie; wenye elimu nao wana choyo chao. Kwa nyumba itakayofukiwa kuna jambo la kuongeza. Udongo huwa mwingi juu ya mabega ya tao kuliko utosini, kwa hiyo mkufu nao utundikwe vizito vingi zaidi pembeni. Mchoro utatanua mabega, na ndivyo tao linavyotakiwa kuwa.

Mwalimu wa hesabu naye asikose kazi. Tuseme chumba kina upana wa mita 3, na tao lina kimo cha mita 1 kutoka miguuni hadi utosini. Zege lina unene wa sentimita 7.5, na juu yake pana udongo wa sentimita 40. Katika kila mita ya mraba udongo huo una uzito wa kama kilo 720 na zege kilo 180, jumla kilo 900. Basi katika kila mita moja ya urefu wa chumba, mguu mmoja wa tao hushusha kilo 1,350 na kusukuma nje kilo zipatazo 1,010. Ziunganishe kwa kanuni ya Pithagorasi, utapata karibu kilo 1,700. Zigawe juu ya sentimita za mraba 750 za zege, na kila sentimita moja imebeba kilo mbili na robo. Zege la kawaida, lililochanganywa kwa uaminifu, hustahimili kilo 150. Yeyote asemaye kwamba ganda hilo litapondwa na udongo kwanza aoneshe hesabu yake.

Ni kweli kwamba hesabu hii ni ya darasani, na mhandisi ana haki ya kuikagua. Hatari ya ganda jembamba si kupondwa. Ni kupinda upande mmoja. Anayejaza udongo ubavu wa kushoto mpaka juu kabla ya kugusa wa kulia atalivunja tao lake mwenyewe. Udongo hujazwa pande zote mbili kwa zamu, tabaka kwa tabaka. Tena Dodoma imo katika ukanda wa Bonde la Ufa, na ardhi huku hutikisika. Kwa hiyo wavu wa chuma ndani ya zege si anasa. Miguu ya tao ifungwe kwa msingi imara ili isitanuke. Na udongo mweusi wa mbuga usitumike kamwe kufunikia, kwani hututumka ukinywa maji na kupasuka ukikauka. Utafutwe mwekundu au wa kichanga.

Hapa ndipo mpango wa babu zetu unapotushangaza kwa kufaa kwake. Matao yakipangwa bega kwa bega, msukumo wa moja huzuiwa na msukumo wa jirani yake. Ni yale ya mwisho tu yanayohitaji tuta la udongo la kuyaegemeza. Kila tao ni chumba, na kila chumba kinafungua uso wake uani, penye mlango na dirisha pana, huku nyuma juu kikiwa na tundu la kutolea hewa na moshi. Mwana akioa, tao jingine huongezwa mwisho wa safu. Safu ikifika kona, inageuka. Ua umebaki katikati. Hiyo ni kaya ya Kigogo, wala hatukuazima ramani yake popote.

Kalibu nayo si lazima iwe ya mbao za thamani. Waweza kurundika udongo, kuuchonga umbo la tao, kuulainisha, kutandaza wavu na kumwaga zege juu yake. Zege likiisha kukomaa, kwa kumwagiliwa maji siku zote hizo, unachimba udongo wa ndani na kuutupa juu ya mgongo wa nyumba. Kalibu imegeuka blanketi. Kabla ya kuutupa, mgongo upakwe lami na kutandikwa plastiki nzito yenye kupishana vizuri kwenye maungio, na mabonde yaliyo kati ya matao yajazwe kwa mwinamo ili maji yakimbilie mfereji wa nyuma. Sehemu hiyo ya mabonde isimamiwe na mwenye nyumba mwenyewe. Fundi aliyechoka huipuuza, na hapo ndipo nyumba itakapovuja.

Najua pingamizi litakalonijia kwa jina la Mwalimu Nyerere. Mwaka 1977, alipopima miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalaumu wananchi waliokataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae, wakingojea saruji na bati. Saruji aliiita udongo wa Ulaya, na kuiona tabia hiyo kuwa ni kupooza kwa akili. Basi vipi mimi nihubiri zege kwa jina la utamaduni? Najibu kwamba Mwalimu alilaumu kungojea, na alilaumu kuabudu. Ganda la sentimita 7.5 hula karibu nusu mfuko wa saruji kwa kila mita ya mraba, na kuta zinaweza kubaki za udongo ulioshindiliwa au tofali la kuchoma. Isitoshe, kiwanda cha Wazo Hill kilianza kazi mwaka 1966. Tangu hapo udongo huo wa Ulaya umekuwa ukichimbwa na kuchomwa Dar es Salaam. Sababu ya leo ya kuitumia saruji kwa uchache ni nyingine, nayo ni nzito: utengenezaji wake duniani hutoa kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa itokanayo na shughuli za binadamu. Anayejenga ukuta mzima wa tofali za saruji, kisha akaufunika kwa bati, ndiye anayefuja saruji. Anayeiweka pale tu ambapo mti ulikuwa unaliwa na mchwa, huyo anaitumia.

Wengine watasema paa la kupinda ni mambo ya kigeni. Hao na waende Kilwa Kisiwani. Msikiti Mkuu wa pale, uliopanuliwa katika karne ya 14 na kukarabatiwa baadaye, ulifunikwa kwa makuba na matao ya matumbawe na chokaa. Mafundi wa pwani walichoma matumbawe kupata chokaa, wakaichanganya na mchanga na mawe, wakaipandisha hewani ikakaa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na kuusifu mji. Tangu mwaka 1981 magofu hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia, na bado tunawasimulia watoto wetu kwamba zege lilikuja na mkoloni.

Na wale ambao hawaamini jambo mpaka Ulaya iliamini, nao nina neno lao. Katika mji wa Dietikon, karibu na Zürich, Uswisi, msanifu Peter Vetsch alikamilisha mwaka 1993 nyumba tisa za maganda ya zege lililonyunyizwa juu ya wavu wa chuma, kisha akazifunika kwa udongo na majani. Wakazi wake si mafukara. Hakuna mgeni rasmi aliyewaita panya. Wageni huenda kuzipiga picha.

Kujenga kwa namna hii kumekwisha kujaribiwa na kushindwa pia, na heri tujue kwa nini. Hassan Fathy wa Misri alianza katika miaka ya 1940 kujenga kijiji kipya cha Gourna, karibu na Luxor, kwa matao na makuba ya matofali mabichi, akitumia ustadi wa mafundi wa Nubia wasiohitaji kalibu. Nyumba zilikuwa nzuri. Watu waliokusudiwa kuhamia walikataa, kwa sababu uamuzi wa kuhama haukuwa wao. Mjini Dakar, Senegal, zaidi ya nyumba elfu moja za kuba la zege zilijengwa kwa mtindo wa Mmarekani Wallace Neff karibu na mwaka 1950. Nyingi zimebomolewa, maana kuba la mviringo limejifunga lenyewe na jamaa ikiongezeka halina pa kuongezea chumba. Ndiyo maana mimi nashika tao refu na safu, na kuba naliachia msikiti. Na sisi tunakumbuka Operesheni Dodoma ya 1971 na vijiji vilivyofuata, ambapo viwanja vilinyooshwa kwa kamba. Kaya ya mraba yenye zizi katikati haikuwa na nafasi katika mstari ule. Mtu asije akachukua maneno yangu kesho akawaamuru wakulima kujenga matao kwa amri.

Kinachohitaji kuondolewa kwa amri ni vizuizi tu. Katika madodoso ya takwimu, paa la bati, vigae au zege huhesabiwa kuwa la kisasa. La udongo na la majani hutupwa upande wa pili, pamoja na walio duni. Ningependa kumwona karani amesimama juu ya mgongo wa nyumba yenye ganda la zege chini ya miguu yake na majani mpaka magotini, akitafuta kisanduku cha kutia alama.

Shuleni kwetu tulijenga tao moja, mimi, wanafunzi, na mzee mmoja wa kijiji aliyewahi kujenga matembe mengi na ambaye siku ya kwanza alikaa kando akitafuna mswaki bila kusema kitu. Ni ghala la majembe na mbegu, upana wa hatua mbili na nusu. Masika ya kwanza lilivuja mahali pamoja, kwenye maungio ambapo plastiki haikupishana vya kutosha. Tulilifukua, tukaziba, tukalifukia tena. Mzee ndiye aliyeonyesha mahali pa kufukua, kwa kugonga zege kwa ndani na kusikiliza. Binti wa ile insha alikuwa ndiye mshika daftari la vipimo. Katika ukurasa wa kwanza, juu ya michoro ya mkufu, ameandika kwa mkono wake: "Paa la nyumbani kwetu, isipokuwa miti."